Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kila mwanachama niliyekutana naye aliniuliza habari za uwanja mpya wa mpira unaojengwa Olmoti, hapa Arusha, kabla hata ya salamu kwisha. Basi naanzia huko. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Kamati ilikwenda kuutazama ujenzi mara mbili. Kibali cha kuingia hatukuwa nacho, tukasimama nje na vijana wa bodaboda na akina mama wauza chai. Uwanja wa watazamaji 30,000 ndani ya jiji letu si jambo dogo. CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ilipotangaza Septemba 27, 2023 kwamba AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, mimi nilisema humu kikaoni kuwa Arusha tutaishia kuitazama kwenye vibanda umiza. Nilikosea, na naomba iandikwe kwenye muhtasari.

Lakini furaha isitufumbe macho. Agosti tulikodi basi kwenda Dar es Salaam kwenye ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars wakaichapa Burkina Faso 2-0, na njia nzima ya kurudi hakulala mtu. Uwanja ni uleule wa Mkapa, wenye viti 60,000, uliofunguliwa 2007. Ni uwanja huohuo ambao Machi CAF iliufungia kwa muda kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, na Mei mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, ikahamishiwa Amaan, Zanzibar. Tumezoea kuimba kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Safari ile fainali yenyewe haikuingia! Viti vilikuwepo, mashabiki walikuwepo, kilichokwamisha ni nyasi.

Sishangai sana. Simba wanacheza pale, Yanga wanacheza pale, timu ya taifa vilevile. Mzee wetu mmoja, aliyetunza uwanja wa shule miaka mingi, alituambia kuwa nyasi ni kama ng'ombe wa maziwa: ukimkamua kila siku bila kumlisha wala kumpumzisha, usimlaumu akianguka. Akaongeza kuwa baridi yetu ya Juni na Julai hudumaza nyasi, kwa hiyo utunzaji wa Dar hauwezi kuhamishiwa hapa kama ulivyo.

Ndiyo maana kamati iliandika barua kwa ofisi inayohusika. Tuliuliza AFCON ikiisha nani atautunza uwanja na kwa fungu lipi, utachezewa mechi ngapi kwa wiki, na kama uwanja wetu wa zamani wa Sheikh Amri Abeid utaendelea kutumika ili huu mpya upate kupumua. Tuliuliza pia watoto wa mtaani watafanyia wapi mazoezi, maana huo uwanja mkubwa hawataukanyaga. Mpaka leo hatujajibiwa, ingawa barua ilipokelewa na kugongwa muhuri.

Mengine ni mafupi. Ada zinasuasua, jezi za chama zimechelewa kwa fundi, na wanachama waliogombana ndani ya basi wamepatanishwa.

Barua ya pili, ya kukumbushia maswali hayo, iko kwa katibu, mezani karibu na mlango. Anayekubaliana nayo aweke sahihi kabla ya chakula, kwa kuwa kesho asubuhi naipeleka mwenyewe.