Barua kwa vijana wa Pwani: kabla ya kuandika kwamba tuliuzwa

Wajukuu zangu mnaoandaa madai ya Pwani,

Assalaam aleikum, na kwenu msio Waislamu, hamjambo.

Mmoja wenu aliniletea rasimu ya karatasi yenu akaniomba niisome. Nimeisoma mara mbili. Mmefanya kazi, na mahali pengi nimefurahi. Lakini sentensi ya kwanza kabisa inasema kwamba wazee wetu waliiuza Pwani kule London, na juu ya sentensi hiyo ndiyo mmejenga madai yote yaliyobaki. Naogopa msingi huo hautaibeba nyumba.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka 14, mtoto wa Mji wa Kale. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa bado inapepea Ngomeni, kwa sababu tangu mapatano ya 1895 ukanda wa Pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani, Mwingereza akiutawala kwa kumlipa kodi. Ndiyo maana nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya: bara ilikuwa koloni, sisi himaya. Uhuru ulipokaribia, swali likawa ukanda huu unakwenda wapi. Wengine walitaka Mwambao uwe nchi yake, wengine urudi Zanzibar, wengine Kenya moja. Baba yangu alikuwa mtu wa Mwambao, ami yangu mtu wa Kenya. Siku ya Idi walikula sinia moja bila kusemezana, na mama akawa anapitisha maneno baina yao kama tarishi.

Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje asikilize. Alipendekeza ukanda uungane na Kenya, ila watu wake wapewe ahadi za kuwalinda. Hapo ndipo maafikiano yalipoanzia, na hapo ndipo mnapopita mbio katika karatasi yenu.

Lancaster House, lile jumba la London, kulikuwa na mashauri mawili, nanyi mmeyachanganya. Moja lilikuwa la vyama vya KANU na KADU juu ya majimbo, yaani kila sehemu ya nchi iendeshe mambo yake. La pili lilikuwa letu la Mwambao. Ronald Ngala, kiongozi wa KADU na mtoto wa Kigiriama, alipigania majimbo kwa nguvu zake zote, lakini hakutaka Mwambao ujitenge. Wamijikenda wengi, yaani Wagiriama na ndugu zao, walikuwa naye. Wao walipoiona ile bendera nyekundu hawakuona walichokiona baba yangu. Waliona enzi ambayo babu zao walikuwa watumwa au walikimbia wasiwe watumwa. Mkiandika "Wapwani walitaka" kana kwamba tulikuwa na sauti moja, mnawafuta hao wote, na wajukuu wao wamo humo humo katika kundi lenu.

Sasa tazameni kilichopatikana. Mnamo Oktoba 1963, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu wa Kenya na Mohamed Shamte Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua. Kenya iliahidi uhuru wa dini. Iliahidi kwamba mahakama za makadhi zitabaki kwa Waislamu katika ndoa, talaka na mirathi. Iliahidi maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana, watoto wetu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na hati za umiliki wa ardhi ziheshimiwe. Kwa ahadi hizo Sultani akaachia ukanda. Someni tena hayo maneno "kadiri itakavyowezekana". Aliyeyaandika alijua anachofanya, nasi tuliyapokea tukidhani ni adabu ya lugha.

Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya siku mbili baadaye. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiondoa serikali ya Shamte pamoja na Sultani. Hesabuni: serikali huru iliyopewa ahadi juu yetu iliishi siku 33. Baada ya hapo, nani angekwenda Nairobi kuuliza, "Ile barua imefikia wapi?" Aliyeahidi alikuwapo. Aliyeahidiwa alikuwa amekwisha kukimbia au yuko kizuizini. Sisi ambao ahadi ilituhusu hatukuwa tumetia saini popote.

Katika ahadi zile, iliyo hai mpaka leo ni ya makadhi, kwa kuwa iliingizwa ndani ya katiba yenyewe. Na hata hiyo isingeingia katiba mpya ya 2010 kama watu wasingesimama. Mnakumbuka makanisa mengi yalivyoipinga, na mwezi Mei mwaka ule Mahakama Kuu ikasema makadhi hawana nafasi katika katiba. Waislamu wa Pwani, wa Kaskazini Mashariki na wa Nairobi walikesha juu ya jambo lile, na Wakristo wengi wakaona haki yao. Ibara ya 170 ipo kwa sababu hiyo. Zile za maofisa na Kiarabu zilibaki kwenye barua, na sikumbuki nilipomsikia mkubwa yeyote akizitaja mara ya mwisho.

Lakini msije mkadhani kuandikwa katika katiba peke yake kunatosha. Majimbo yaliandikwa katika katiba, tena kwa kufuli ambalo leo hamtaliamini: ili kuyagusa ilihitajika asilimia 90 ya kura za Seneti. KANU walikubali ili uhuru usichelewe, huku wakijua watalibadilisha wakishika serikali. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa ndani ya mashauri yale upande wa KANU, alikuja kulieleza jambo hilo waziwazi. Majimbo yakanyimwa fedha na watumishi tangu mwanzo. Kisha mwezi Novemba 1964 KADU wakavunja chama chao wenyewe wakavuka upande wa serikali, Ngala akiwa mbele. Kufuli la asilimia 90 lilifunguliwa na wenye ufunguo. Mwaka 1965 asilimia zikashushwa hadi 65, na kabla ya 1967 kumalizika Seneti ilikuwa haipo.

Sisemi Ngala alituuza. Nilimwona akihutubia na najua alivyoipenda nchi hii. Nadhani alichoka, akaona upinzani usio na fedha wala ofisi hauwapi watu wake kisima wala shule. Kosa naliona mapema zaidi: majimbo yalidaiwa na viongozi, yakapewa viongozi, na mtu wa Kaloleni au wa Lamu hakuwahi kuyashika mkononi akayaona ni yake. Viongozi walipovuka, hakubaki wa kuuliza.

Sasa nije kwenye ardhi, jambo linaloniuma.

Babu yangu alikuwa na shamba la minazi upande wa Kilifi, lenye hati. Hati ile ilitokana na sheria ya 1908, Mwingereza alipowataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wayapeleke kwa msajili. Waarabu na Waswahili wengi, wenye makaratasi na wanaojua njia ya ofisini, walipeleka. Wamijikenda wengi hawakupeleka, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Ndani ya shamba letu zilikuwa familia za Kigiriama. Walitulipa ijara. Waliruhusiwa kupanda mahindi na muhogo. Mnazi hapana, mwembe hapana, kwa sababu kwetu Pwani mwenye mti ana neno juu ya pale uliposimama.

Baada ya uhuru nilikwenda na baba kuchukua ijara. Mzee mmoja wa pale, ambaye babu zake walizikwa kwenye ardhi ile na vigango vyao, zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wafu, vikiwa vimesimama, alikuwa amesikia redioni kuhusu ahadi za Kenyatta kwa watu wa Pwani. Akamwuliza baba kwa heshima, "Bwana, nasi tumeandikwa?" Baba hakujibu. Alihesabu fedha tukarudi.

Nami nilikuwa kijana wa sekondari, nikajua jibu, nikanyamaza. Ahadi ya kuheshimu hati ilitulinda sisi, na kwa maneno yale yale ikamfungia yeye mlango. Leo mnamwita mwanawe skwota. Karatasi yenu inalia juu ya mabwenyenye wa bara waliojipatia viwanja vya ufukweni, na ni kweli, liandikeni kwa nguvu. Lakini haina hata mstari mmoja juu ya hati kama ile ya babu yangu. Kwa nini? Ni kwa sababu waliokaa kuiandika ni wajukuu wa wenye hati?

Nawashauri hivi. Ile sentensi ya kuuzwa itoeni. Anayesema aliuzwa anamtafuta muuzaji tu, akimpata shauri limekwisha. Andikeni badala yake nini kiliahidiwa, kimewekwa wapi, na nani alipewa kazi ya kukilinda. Kila dai mnaloandika sasa, litazameni kwa jicho hilo. Mkiandika tume, semeni italipwa na fungu gani. Mkiona maneno "kadiri itakavyowezekana", rudisheni karatasi. Katiba ya 2010 imeweka Tume ya Taifa ya Ardhi yenye kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na ina kaunti 6 za Pwani zenye fedha zao, jambo ambalo Ngala hakulipata. Anzieni hapo kabla ya kudai nchi mpya.

Na kabla ya kuichapisha, kaeni na wazee wa kaya za Wamijikenda, na Wapokomo, na Wataita, na maskwota wa Magarini na Kwale, na wenye hati pia, katika chumba kimoja. Mtagombana. Mtajikuta mnaacha mengine mliyoyapenda, kila upande utaondoka na pungufu ya ulilokuja nalo. Vumilieni, msikimbilie kutia saini ili mfike mahali mapema kama wale walivyokimbilia uhuru.

Nakala za barua zile za 1963 ninazo, na hati ya babu ninayo, ile ile yenye mhuri wa msajili. Njooni Alhamisi baada ya alasiri, baraza yangu mnaijua. Familia ya yule mzee bado iko pale pale shambani, nimewatumia salamu kwa mtu, na mjukuu wake amesema atakuja. Nataka awe wa kwanza kuisoma hati ile.

Wenu, babu yenu wa Mji wa Kale, Mombasa.