Baraza letu halina siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu dai ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja hapa Tanga, kwamba vilabu vya fasihi ni mambo ya Wazungu. Waingereza wanacho chao mashuhuri, sikatai: mwaka 1764 mchoraji Joshua Reynolds na rafiki yake Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, walianzisha kilabu cha watu tisa waliokutana kila Jumatatu jioni katika baa moja ya Soho, London, wakila na kubishana hadi usiku mwingi. Ukiiondoa hiyo baa, ukaweka kahawa chungu na kashata, mtu wa Ngamiani ataona baraza analolijua tangu utotoni.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, tunamtaja kana kwamba alitunga peke yake kisiwani, ilhali barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zinatuonyesha mtu aliyehitaji mwenzi wa kuzungumza naye kwa kalamu. Washairi wa zama zake nao walijibizana katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923. Marehemu babu yangu alikuwa akiyakata mashairi hayo na kuyabandika kwa uji wa muhogo katika daftari la hesabu, kisha daftari likapita kwa rafiki zake wawili, na ndiyo maana pembeni mwa kurasa pana wino wa rangi tatu na beti za majibu, nyingine za utani mkali. Mende wameufuata uji wakala na mashairi. Beti za pembeni zimesalimika.

Tulichopungukiwa ni siku maalumu. Johnson na wenzake walikuwa na Jumatatu yao, sisi twangoja tukutane kwa bahati. Mwaka jana tulijaribu, watu saba, lakini ukumbi tulioahidiwa (sitautaja) ulitolewa kwa shughuli za harusi mara tatu mfululizo, nasi tukatawanyika.

Kwa hiyo namwomba msomaji yeyote mwenye baraza pana, Ngamiani au Chumbageni, atuachie kila Jumatano baada ya sala ya Isha. Mikeka, dele la kahawa na lile daftari tutakuja navyo wenyewe.

Wako,
Msomaji, Ngamiani, Tanga