Kwa mdogo wangu aliyetundika daluga

Mdogo wangu,

Nasikia umeikataa ile nafasi ya kocha msaidizi wa timu ya vijana. Eti aliyecheza ligi kuu miaka yote ile hawezi kwenda kupanga koni na kujaza mipira upepo. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wako hapohapo ulipo, na kwenye simu huwa huniachi nikamaliza.

Tumtazame Aliou Cissé, kiungo mkabaji mwenzako, uliyekuwa ukimpenda. Februari 2002 mjini Bamako, fainali ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kati ya Senegal na Kameruni iliisha bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti. Nahodha Cissé akapiga ya mwisho, kipa akaipangua, kombe likaondoka. Miezi michache baadaye alikuwa na kitambaa kilekile Senegal ilipoifunga Ufaransa 1-0 kwenye mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Kwa sifa hizo, wewe ungedai timu ya taifa kesho yake. Yeye alianza na usaidizi, akafundisha vijana wa chini ya miaka 23, na wakubwa akakabidhiwa mwaka 2015. Hata hapo mambo hayakunyooka. Mwaka 2018 Japani iliwapita kwenye Kombe la Dunia kwa kuwa na kadi chache za njano tu (kanuni ile mimi sijaikubali hadi leo), na 2019 akafungwa na Algeria kwenye fainali ya AFCON.

Kombe lilikuja Februari 2022, Yaoundé, dhidi ya Misri, tena kwa penalti. Sadio Mané alikosa moja mapema kabisa mchezoni, kisha ndiye aliyepiga ile ya ushindi. Kukosa penalti ya fainali kukoje, kocha wake alikijua kitu hicho mwilini. Hiyo ndiyo faida ya kuwa umecheza, na ni kubwa, ila haikufundishi kupanga wiki ya mazoezi wala kumweleza beki kosa lake akaelewa.

Nilikuona ulipowasaidia wale watoto. Ulimpigia kelele winga, "Funguka! Funguka!" Mtoto akabaki anageuza shingo, hajui afunguke kuelekea wapi. Ukachukua mpira ukamwonyesha mwenyewe, ukawapita watatu, watu wakapiga makofi. Uliporudi pembeni, mtoto alisimama palepale. Ulipaswa kumwambia atazame mgongo wa beki kwanza. Wewe ulikuwa ukifanya bila kufikiri, ndiyo maana neno halikukujia.

Kozi ya leseni D, ile ya ngazi ya mwanzo ya ukocha, usiidharau, hata Cissé wako alianzia chini. Na kuhusu nafasi ile, nimeuliza: bado haijajazwa. Mpigie kocha mkuu wao wewe mwenyewe, usimtume wakala, na usianze na mshahara.