Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Hisabati Duniani, 14 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya yetu,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wanaklabu hatukutani ili kufanya mitihani iliyopita. Kazi hiyo ina vipindi vyake, na walimu wetu wanaifanya vizuri. Jumamosi tunakuja kucheza. Tunajua neno hilo linawatia shaka baadhi ya wazazi waliopo hapa, hasa kwa somo ambalo limewaangusha wengi kidato cha nne. Basi tunaomba tueleze tunacheza nini.

Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote zinafanana. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, halafu toa. Jibu unalopata lifanyie vivyo hivyo. Likipungua tarakimu, weka sifuri mbele. Tulianza na mwaka wa Uhuru, 1961. Tukapata 9611 kutoa 1169, sawa na 8442. Tukaendelea: 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, na mwisho 6174. Hapo namba inagoma kuondoka, kwa sababu 7641 kutoa 1467 ni 6174 ile ile. Mwaka wa Muungano, 1964, nao uliishia hapo hapo, ila kwa hatua 6. Uhuru ulichukua hatua 7, na hakuna namba inayozidi hatua hizo. Jambo hili liligunduliwa na D. R. Kaprekar wa India, na kinachotugusa sisi ni kwamba hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Devlali, aliyependa namba kupita kiasi.

Tunacheza pia bao, lile la mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Upande wake una mashimo 16, kwa hiyo shimo lenye kete 16 ukilizungusha, kete ya mwisho inatua pale pale ulipochotea. Wazee wa barazani hukujulisha kete itakapolala kabla hujainua mkono. Hiyo ni hesabu ya masalio, yaani ya kinachobaki baada ya kugawanya, nao hawajawahi kuiita hivyo. Tumejaza pia miraba ya ajabu, ile ambayo ukipanga namba 1 hadi 9 katika vyumba tisa, kila mstari, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unaleta 15. Muhammad ibn Muhammad, mwanachuoni wa Katsina, kaskazini mwa Nigeria ya leo, aliyefariki Cairo mwaka 1741, aliandika juu ya namna ya kuijenga.

Lakini siku tuliyoifurahia kuliko zote ni ya fumbo la chui, mbuzi na majani, linalosimuliwa Zanzibar. Ulaya wanalo lao, la mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Mtu anavuka mto kwa mtumbwi, akibeba kimoja kimoja. Chui asiachwe na mbuzi, wala mbuzi na majani. Kila mtu alilijua jibu. Ndipo mwenzetu wa kidato cha kwanza akauliza, "Na mbuzi wakiwa wawili?" Darasa lilichafuka. Watu walichora mitumbwi ubaoni mpaka chaki zikaisha, kisha yeye mwenyewe akasimama akaonyesha kwamba safari haianzi kabisa: umchukue yeyote, nyuma anabaki mbuzi pamoja na chui, au mbuzi pamoja na majani. Mtumbwi ukibeba viwili, kazi inakwisha kwa kuvuka mara tatu. Mheshimiwa, darasani swali hutoka kwa mwalimu na jibu likawa kwetu. Siku ile swali lilikuwa letu, na hata "haiwezekani" ilihitaji kuthibitishwa.

Hatudai kwamba klabu imepandisha ufaulu. Hatujapima, na si vizuri klabu ya hisabati kusema isichokipima. Tunachoweza kusema ni kwamba wapo wenzetu waliokuwa hawanyooshi mkono kipindi cha hisabati, na Jumamosi wanagombania chaki.

Maombi yetu ni machache. Tunalo bao moja, nalo limepasuka. Tunaomba mengine, hata ya kuchongwa hapa hapa kijijini. Tunaomba chumba chetu cha Jumamosi kisigeuzwe cha masomo ya ziada kila mitihani inapokaribia. Na utusemee kwa shule ya msingi jirani ituruhusu kwenda kucheza na darasa la tano na la sita, kabla hawajaanza kuliogopa somo.

Mwisho, mezani mbele yako kuna karatasi na kalamu. Tunakuomba uandike mwaka wako wa kuzaliwa na uanze kutoa. Huna haja ya kututajia mwaka wenyewe, tutajie hatua tu.

Tunaomba kuwasilisha.