Kwa Mwadi, kuhusu jestioni na kazi ya hospitali

Lubumbashi

Mwanangu Mwadi,

Salamu sana, wewe na shangazi yako huko Likasi. Umeuliza kama mtu ambaye hakusomea udaktari wala uuguzi anaweza kushika kazi kubwa hospitalini akiwa na lisansi (digrii ya kwanza) ya jestioni, yaani usimamizi. Anaweza. Katika uongozi wa hospitali kuu ya rufaa, daktari mkurugenzi hakai peke yake: yuko na mkuu wa wauguzi, na yuko na AG, yaani administratere-jestionere, msimamizi wa fedha na mali. Zoni ya afya nayo ina AG wake, kwenye ofisi ya daktari mkuu wa zoni. Tena mji wetu huu, kwa sababu ya migodi, umejaa polikliniki za watu binafsi. Nyingi zina madaktari wazuri na hesabu mbovu.

Njia ziko mbili. UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitivo cha uchumi na jestioni, utapata uhasibu, fedha, takwimu na sheria ya biashara, lakini hospitali yenyewe hawatakuonyesha. ISTM Lubumbashi, chuo cha ufundi wa tiba, utaingia moja kwa moja kwenye mambo ya afya: zoni, vituo, ripoti za SNIS (mfumo wa taifa wa taarifa za afya), dawa. Kwa mpango wa LMD (lisansi, masta, dokta), lisansi ni miaka 3 na krediti 180, masta ni miaka 2 na krediti 120. Mimi naona uanze na lisansi ya jestioni UNILU, halafu masta uifanye kwenye shule yao ya afya ya umma. Mambo ya zoni mtu mwenye akili anayashika akiwa kazini. Uhasibu ukikupita ujanani, ukubwani utakutesa.

Na uhasibu wenyewe usiusome kama wa duka. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, kwa hiyo polikliniki ya kibiashara hutumia SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa umoja huo. Lakini hospitali ya kanisa au ya shirika lisilotafuta faida ina mfumo wake, SYCEBNL, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Darasani uliza: dawa za msaada zinaandikwaje? Kuna mahali zinapokelewa, zinapangwa kwenye rafu, zinagawiwa, na kwenye vitabu hakuna kitu. Gharama ya kumhudumia mgonjwa inaonekana ndogo, bei inapangwa kwa udogo huo, na siku mfadhili akiondoka hospitali haina hela ya kujinunulia hata glavu. Dawa ya bure ipewe thamani yake siku inapoingia.

Sasa shika vizuri jambo la fakture, yaani ankara, maana hapo ndipo polikliniki za Lubumbashi zinapofia. Mfanyakazi wa mgodi au mke wake anakuja na boni ya matibabu, karatasi ya kampuni ya kuruhusu atibiwe. Halipi kitu; kampuni italipa baadaye. Kati ya boni ile na hela kuingia benki kuna hatua nyingi, na kila hatua inaweza kula pesa. Mapokezi waangalie jina, namba ya matrikule, tarehe, muhuri, na kama huduma inayotakiwa iko ndani ya mkataba. Kila kipimo, kila kidonge, kila usiku wa kitanda viandikwe siku ileile. Mwisho wa mwezi fakture inafungwa pamoja na boni na karatasi ya daktari, inapelekwa kampuni, na nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ule, watakuambia hawajaiona, na utaanza upya.

Kinachoharibika ni vitu vidogo. Boni imepita tarehe. Mtoto ameandikwa jina tofauti na lile la kwenye orodha ya familia. Daktari amefanya ekografia isiyokuwa kwenye bei mlizokubaliana. Muuguzi wa usiku amebadilisha serumu (dripu) tatu na kuandika moja, kwa sababu alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Kampuni haina ubaya wowote ikikataa fakture ya namna hiyo. Basi kila wiki panga madeni kwa umri wake: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Deni la siku 40 unalifuata kwa simu. Lililopita 90 unalipeleka kwa barua, na kwenye vitabu unaanza kulihesabu kama hasara inayoweza kutokea, hata kama mkubwa wako hataki kusikia.

Tuseme polikliniki ina gharama zisizobadilika za franka milioni 18 kwa mwezi: mishahara, nyumba, ulinzi, jenereta la kungojea umeme wa SNEL ukatike. Mgonjwa mmoja analeta franka 30,000 na kutumia dawa na vifaa vya 12,000. Zinabaki 18,000. Gawa: unahitaji wagonjwa 1,000 ili usile hasara. Sasa fakture asilimia 15 zisilipwe. Mgonjwa yuleyule analeta wastani wa 25,500, zinabaki 13,500, na hesabu inadai wagonjwa 1,334. Ni watu 334 zaidi, na vyumba ni vilevile, madaktari ni walewale. Mkubwa atasema tutafute wagonjwa wapya. Wewe umwonyeshe kwamba ni rahisi zaidi kutafuta karatasi zilizopotea.

Kuna na shida ya dola. Dawa na vitendanishi vya maabara vinanunuliwa kwa dola, mama wa mtaa wetu wa Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, analipa kwa franka. Franka ikishuka katikati ya mwezi, bei ile uliyoibandika ukutani inakuwa imekwisha kula faida yako. Kiwango cha siku kibandikwe asubuhi, kiwe kimoja kwa jengo zima, na franka na dola zihesabiwe kwenye madaftari mawili. Mpokea pesa akiruhusiwa kuchagua kiwango mwenyewe, tofauti itaishia mfukoni mwake. Na anayetoa fakture asiwe ndiye anayepokea pesa, wala asishike ufunguo wa farmasi. Hata kituo chenye watu watano kinaweza kugawa kazi hizo.

Farmasi inataka hesabu moja ambayo wengi wanaikosea: matumizi ya wastani kwa mwezi. Chukua amoksisilini ya miligramu 500. Katika miezi 6 zimetoka kapsuli 30,000, lakini mwezi mmoja mzima rafu ilikuwa tupu. Asiyejua anagawa kwa 6, anapata 5,000. Sahihi ni kugawa kwa miezi 5 ambayo dawa ilikuwepo: 6,000. Ukiagiza kila miezi 3, mzigo ukichukua mwezi 1 kufika, na ukiweka mwezi 1 wa akiba, unazidisha 6,000 kwa 5, inakuwa 30,000. Toa 8,000 zilizobaki kwenye stoki, agiza 22,000. Yule wa kwanza ataagiza 17,000, na akiba yake itakuwa karibu kwisha mzigo ujao ukifika; ukichelewa wiki moja tu, rafu itakuwa tupu tena. Kukosekana kwa dawa kunazaa kukosekana kwingine namna hiyo, na watu wanamlaumu msambazaji. Kwenye rafu, inayoisha muda mapema itoke kwanza, hata kama ilifika jana. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa, ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme unaokatika mara kwa mara unaiharibu bila kubadilisha sura yake, na mama anayetoka damu ndiye atakayeligundua hilo.

Takwimu za vitanda ni nyepesi, lakini zisome kwa jicho kali. Vitanda 80 kwa siku 30 ni siku-vitanda 2,400. Vikilaliwa siku 1,680, umetumia asilimia 70. Wakitoka wagonjwa 240, kila mmoja amekaa wastani wa siku 7. Sasa chukua watu 6 waliokwisha kupona, wamezuiliwa siku 20 kila mmoja kwa sababu hawajalipa. Wameongeza siku 120, na asilimia imepanda kuwa 75. Kwenye ripoti hospitali inaonekana ina kazi nyingi! Kumzuilia mgonjwa ni aibu, na hata kihesabu ni ujinga: analala, anakula umeme na maji, anakosa kazi ambayo ingemletea hela ya kulipa. Afadhali upange malipo ya vipande siku ya pili ya kulazwa, familia ikiwa bado inakusanyika kitandani.

Kuhusu mshahara, usidanganywe na neno serikali. Kupata matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) na kuanza kulipwa vinaweza kuchukua muda, na hospitali nyingi zinawalipa watu kwa primu, yaani posho, inayotoka kwenye mapato yao wenyewe. Kabla ya kukubali kazi uliza primu inahesabiwaje na mwezi mbaya inakuwaje.

Staji, yaani mafunzo ya kazini, usiifanye benki, hata wenzako wakikimbilia huko. Omba ofisi ya fakture ya hospitali, halafu farmasi. Jifunze Excel mpaka uweze kujenga mwenyewe lile jedwali la madeni. Memwari yako, yaani andiko la kumaliza masomo, ichukue swali dogo la hospitali moja, kwa mfano kwa nini fakture za kampuni zinakataliwa, uhesabu sababu moja baada ya nyingine. Memwari ya namna hiyo mkurugenzi ataisoma.

Kwa inskripsio, yaani kujiandikisha chuoni, tayarisha diploma ya Serikali au cheti cha kufaulu kama diploma haijatoka, buletini za alama za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema, na cha afya. Piga fotokopi na picha za pasipoti za kutosha kabla hujasafiri. Minervali, yaani ada ya masomo, hulipwa kwa vipande, kwa hiyo uliza tarehe ya kila kipande na uniandikie mapema. Pesa yote ilipwe benki kwa jina lako na borderoo (risiti ya benki) uitunze, usimpe mtu akupelekee, hata akiwa ndugu.

Baba yako