Bonde la Rufiji halivamiwi na mto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya neno moja tu. Kila Mto Rufiji unapofurika, kama ulivyofurika Aprili 2024 huku kwetu Rufiji na Kibiti, magazeti huandika kwamba maji "yamevamia" mashamba na makazi. Hasara ilikuwa kubwa na siipuuzi, lakini neno hilo limekosewa, kwa sababu bonde hili tambarare limetengenezwa na mto wenyewe.

Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yakiwa yamebeba mchanga na udongo wa nyanda za juu. Ukishatoka kwenye Korongo la Stiegler na kufika penye ardhi iliyolala, mwendo wake hupungua nao huanza kujipinda. Kwenye kona, maji ya upande wa nje huenda kasi na kuula ukingo mpaka uporomoke, ilhali upande wa ndani, ambako maji yametulia, mchanga huachwa na kurundikana. Hivyo kona husogea mwaka hata mwaka, na ile iliyopinda kupita kiasi hukatwa shingoni, ikabaki ziwa dogo lenye umbo la mwezi mwandamo.

Mafuriko nayo yana kazi yake. Maji yakipanda juu ya kingo, mchanga mzito hutua karibu, ndiyo maana kandokando ya mto pameinuka kidogo, na tope laini huchukuliwa mbali hadi maji yanapotuama. Nilipochimba kisima shambani niliyaona haya kwa macho yangu: mfinyanzi mweusi, chini yake utepe wa mchanga mweupe usiozidi upana wa kiganja, kisha mfinyanzi tena, na chini kuliko kimo changu, magamba ya konokono wa majini.

Wazee wetu hawakuhitaji kuchimba ili wajue hayo. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, na maji yalipopungua walipanda mlau, yaani mahindi, kunde na maboga kwenye tope lenye unyevu, bila kungoja mvua. Hata baada ya Operesheni Rufiji kuwahamishia watu vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi waliendelea kushuka bondeni kulima. (Kwa tope kama hilo, mbolea ya dukani ilikuwa ya nini?)

Tangu Bwawa la Julius Nyerere, la kuzalisha umeme pale Korongo la Stiegler, lilipoanza kujazwa Desemba 2022, sehemu ya tope hilo hutua nyuma ya ukuta. Umeme tunauhitaji, wala sina ugomvi nao. Ninachokuomba, Mhariri, ni umtume mwandishi wako aje mara maji yatakapopungua, apite mashambani na wakulima wa mlau, apime tope lililoachwa safari hii na kuwauliza zamani lilikuwa likifika wapi mguuni.

Mkulima,
Ikwiriri