Kile kiwiko kwenye kioo ni chako

Shoga yangu Zuhura,

Salamu. Mimi mzima, mama mzima, mguu wa Bahati umepona na ameshaanza tena kujidai. Za huko utaniambia mwenyewe. Nafupisha salamu makusudi, maana nikizirefusha nitafika mwisho wa karatasi sijasema kilichoniketisha hapa, na hiyo ndiyo imekuwa tabia yangu wiki mbili hizi. Ujumbe wa simu nimekuandikia mara nne, nikaufuta mara nne. Kwenye karatasi angalau nikikata maneno utaona kwamba nimekata.

Ni ile picha ya "Kusubiri".

Unajua ninayoisema. Ile niliyoituma kwa mada ya wiki kwenye kundi letu la picha, ikachaguliwa picha ya wiki, ambayo kila mtu kundini kaisemea neno isipokuwa wewe. Neema kaandika mistari mitatu mizima. Mzee Koti, ambaye tangu tuanze sijamsikia akisifu kitu kisicho na paka ndani yake, kaandika "Hii ndiyo." Maneno mawili tu, nikazunguka nayo siku nzima kichwa juu. Halafu usiku usingizi ukakata, nikaifungua tena, nikaivuta ikawa kubwa, nikaenda pembeni kabisa kwenye kioo cha dirisha. Kiwiko chako kipo pale, Zuhura. Kiwiko na mkanda wa ule mkoba wako wa bluu. Ni hafifu, lakini kipo.

Basi nakiri kwako kabla sijakiri kwa mwingine. Picha ile si ya wiki ile, na kanuni yetu inataka ya wiki hiyo hiyo. Ina miaka miwili. Wao hawajui, na hawana pa kujulia, maana ikishatumwa kwa simu inabanwa na tarehe yake inapotelea huko huko. Wewe hukuhitaji tarehe. Ulikuwa umesimama ubavuni kwangu.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa, si kujitetea. Au niseme kweli, kujitetea kidogo.

Mada ilipotoka Jumapili jioni niliifurahia. Kusubiri, nani asiyekujua? Kumbe mada za namna hiyo ndizo zinazoua. Ukipewa "Mstari" au "Rangi moja" macho yanapata cha kutafuta. Unatoka nje unaona waya, unaona ufa ukutani, kazi imekwisha. Kusubiri hakuna umbo. Anayesubiri na aliyechoka tu, kwenye picha wanafanana. Jumatatu nilipiga viatu vilivyopangwa mlangoni, picha kama arobaini, na zote zikatoka picha za viatu. Jumanne nikajiapiza kwamba kituo cha basi siendi, kwa sababu kundi zima litakwenda huko. Jumatano nilikuwa kituo cha basi. Alhamisi nikafika hadi kwenye foleni ya wagonjwa, nikatoa kamera, mama mmoja akanitazama, nikairudisha mkobani. Watu wale hawakuja pale kwa ajili ya mada yetu. (Na hilo nataka siku moja tulizungumze kundini, maana nimeona picha za watu waliolala njiani zikimwagiwa sifa wakati mpigaji hata hujambo hakumwambia aliyempiga. Lakini si leo, leo mshtakiwa ni mimi.)

Ijumaa ndipo nilipopata wazo, tena nilidhani la maana. Unaikumbuka ile picha ya Daguerre, yule Mfaransa wa mwanzo mwanzo wa upigaji picha, aliyotuonyesha Mzee Koti, ya Boulevard du Temple kule Paris, mwaka 1838? Barabara ile ilikuwa na pilika zake, watu na magari ya farasi, lakini pichani ni tupu kana kwamba wamehama wote. Bamba la kunasia picha la wakati ule lilihitaji dakika kadhaa kushiba mwanga, na aliyekuwa akitembea hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Aliyebaki ni bwana mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na huyo mng'arishaji kwa chini, ukikaza macho. Mtu hajui kama anapigwa picha, amesimama tu kwa ajili ya viatu vyake, na ndiye anayeonekana mpaka leo. Nikasema haya, mada yangu hii hapa! Wapitao wote wanafutika, anayesubiri anabaki. Nikajiona nina akili kuwashinda nyote.

Sasa cheka. Mchana ulikuwa wa mawingu. Nimebana tundu la lenzi mpaka f/22, nimeshusha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 100, na bado siwezi kuacha shata, kile kipazia cha kamera, wazi zaidi ya 1/6 ya sekunde bila picha kuwa nyeupe. Kwa muda huo anayepita hafutiki, anavutika tu kama rangi iliyopanguswa ikiwa mbichi. Kichujio cha kupunguza mwanga sina. Nikachukua miwani ya jua ya Bahati nikaiweka mbele ya lenzi, picha ikatoka na rangi ya maji ya mtaro, na Bahati naye akaitaka miwani yake. Nikasubiri jioni (ndiyo, nilisubiri, usianze). Giza lilipoanza kuingia nikapata sekunde nane kwenye f/16. Kamera iko juu ya rundo la vitabu barazani, kwa sababu stendi yangu unayo wewe, na Baba Jamila kakubali kusimama ng'ambo ya barabara bila kutikisika.

Sekunde nane kwa anayebonyeza ni kufumba na kufumbua. Kwa aliyesimama ni adhabu. Akajikuna shingo. Akageuka kumwitikia mtu. Mara ya tano akauliza kama kuna malipo. Waliokuwa wakipita kweli walifutika, ila na yeye alikuwa nusu mtu nusu moshi. Nikaangalia kwenye kile kioo kidogo nyuma ya kamera, nikaguna, nikakusanya vitabu vyangu.

Jumamosi saa tano usiku, imebaki saa moja, nikafungua folda za zamani. Nilijiambia naangalia tu.

Na unajua nani aliyeshupaa mpaka kanuni ile ikawekwa? Mimi! Masikini Kassim alileta yale machweo ya safari yake ya mwaka juzi kwenye mada ya "Mlango", akajitetea kwamba machweo ni mlango wa usiku, nami nikamshukia na aya nzima. Wiki ni wiki, nikamwandikia; tunataka kuona umeona nini siku hizi saba, si umeweka nini akiba. Nimeitafuta ile aya nikaisoma tena juzi. Ni nzuri. Afadhali ingekuwa ya ovyo.

Lakini Zuhura, miaka miwili ya picha ile siyo inayonikosesha usingizi. Hiyo ningeisema kundini, Kassim angenicheka wiki tatu, yangekwisha. Kinachonikera ni kingine. Siku ile nilikuwa nimeshainua kamera, yule bibi kakaa kwenye benchi na mwavuli wake uliofungwa, kaziba uso kwa kiganja. Kidole changu kilikuwa tayari. Wewe ukaninong'oneza, "Usibonyeze. Mkono utachoka, ataushusha." Nikangoja, labda dakika nzima, nikikuona unajitia ujuzi. Akaushusha. Akatazama upande ule ambao hakuna aliyekuwa akija. Mimi nilichofanya hapo ni kubonyeza, kazi ambayo hata mtoto angeifanya. Sasa Neema ananiandikia kwamba nina "subira ya ajabu", watu wanaweka makofi chini yake, na mimi nasoma nikijua subira ile ilikuwa ya nani.

Halafu wewe kimya. Bahati anasema nisijipe umuhimu, unahama nyumba, uko katikati ya maboksi. Inawezekana. Lakini kimya chako cha kazi nakijua, huwa kinaachia kidole gumba hapa, kicheko pale. Hiki hakina hata kidole. Nikakumbuka na neno lako la mwisho kundini, kwamba wewe mada hizi zimekushinda, huko uliko una kuta nne na dirisha moja, utapiga nini. Siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa nahangaika na viatu vyangu. Nilitaka kukwambia habari za Josef Sudek, mpiga picha wa Prague. Mkono wake wa kulia aliupoteza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, akabeba makamera yake makubwa kwa mkono mmoja maisha yake yote. Kuanzia 1940 hadi 1954 alikuwa akipiga dirisha la studio yake. Dirisha lile lile, mti ule ule nje, leo kioo kina ukungu, kesho matone, keshokutwa barafu, na kwenye ukingo kaweka bilauri au ua. Kwa hesabu yetu hizo ni wiki zaidi ya 700 na mada moja. Sikwambii hayo ili ujione mvivu. Nakwambia kwa sababu dirisha lako nimeliona, na linapata mwanga wa asubuhi kutoka ubavuni, ule ambao mimi naufuata mpaka kwa jirani. Simu yako inatosha. Iegemeze mahali isitikisike, gusa sehemu yenye mwanga mwingi, kisha ushushe mwanga kwa kidole mpaka vivuli viwe vivuli kweli. Simu zinapenda kuangaza kila kitu hata usichotaka kionekane.

Nimetoka nje ya njia. Narudi.

Kwenye bahasha hii kuna picha nimekuchapishia. Ni ile ya Ijumaa, ya Baba Jamila, mara ya tano, ile ya "kuna malipo?" Jumatatu nilikuwa nafuta kadi ili nianze mada mpya, nikaiona kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza ikiwa kubwa. Angalia chini. Kichwa kimekwenda, mabega yamekwenda, shati limebaki kama kitu kilichoota ndoto. Lakini viatu! Mtu alijikuna, aligeuka, alilalamika, ila miguu hakuiondoa. Viatu viwili vyeusi vimetulia kando ya barabara mpaka kamba zinahesabika, na juu yake moshi. Na viatu tena, kama yule bwana wa Paris. Ilikuwa kwenye kadi tangu Ijumaa usiku. Niliihukumu kwa kioo cha ukubwa wa kiberiti, tena nikiwa na hasira, halafu nikaenda kuiba kwangu mwenyewe. Baba Jamila nilipomwonyesha alisema nimemharibu sura. Kisha akaomba nakala.

Maelezo ya kundi nimeshayaandika. Yako tayari, mistari sita, hayana kilio wala mbwembwe: picha ni ya zamani, naiondoa, naweka hii ya viatu mahali pake, Kassim nakuomba radhi kwa ile aya. Sijayatuma kwa sababu ya mstari wa tano, unaosema nani aliniambia nisibonyeze. Sitaki kukuingiza kwenye aibu yangu bila ruhusa yako, na nikiutoa mstari huo nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Nikiuacha utakuta umeandamwa na maswali nawe una maboksi yako. Hapo ndipo nimekwama. Nimejaribu kuuandika bila jina, "rafiki mmoja", ukasomeka kama mwongo anayejificha.

Na kuna la pili, la haraka zaidi. Picha ikichaguliwa, mwenye picha ndiye anayetoa mada inayofuata. Nimeshaomba niongezewe wiki moja, nikasingizia mafua. Neema akashika mada yeye, akatupa "Mikono", na zamu yangu ni Jumapili ijayo. Kutoa mada kwa picha ile siwezi, mdomo unakataa. Itoe wewe. Yoyote. Nilikuwa nimefikiria "Kiwiko", nikacheka peke yangu, nikaona hapana, ingawa bado sijaiacha kabisa.

Sasa nijibu, tena usinijibu na kidole gumba. Uliona? Uliiona usiku ule ule au alikuonyesha mtu? Ulinyamaza kwa hasira, au ulikuwa unangoja mkono uchoke niushushe mwenyewe? Yule bibi, unakumbuka kama kuna aliyekuja mwishowe? Mimi kichwani mwangu nimeshamletea mtu, sijui kama ni kweli au nimemtunga. Mstari wa tano ubaki au utoke? Viatu vya Baba Jamila, nivikate karibu zaidi au niache ile barabara tupu kushoto? Mimi naipenda ile tupu, Bahati anasema inapoteza nafasi, lakini Bahati anapenda kila kitu kijae. Umeshafungua maboksi yote au bado unalala kwenye godoro sakafuni? Na mada je, unayo?

Mama anakusalimu, anasema umemsahau.

Wako mwenye viatu,
Asha

Nimesahau: stendi usimpe Bahati aniletee, ataiacha njiani. Kaa nayo mpaka uje. Au itumie hapo dirishani.